Alama Ndani ya Kifuniko

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Breki za teksi mbili asubuhi. Mchana mzee mmoja Mbelgiji, Monsieur Albert wa Etterbeek, ameleta gari lake la kijani la mwaka 1961. Anasema ndani linanuka moshi, kama kuna mtu anavuta sigara kiti cha nyuma. Nimefungua boneti. Oili inavuja kwenye kifuniko cha valvu, inadondokea ekzosi, inaungua. Kazi ya saa moja.

Ila alipowasha injini nilishtuka. Valvu zimeachiwa nafasi kubwa kuliko kawaida. Zinagonga polepole, kama cherehani ya chumba cha pili. Marehemu kaka Idi alizipima hivyo kwenye kila gari lililopita mikononi mwake, mtaani kwetu Buyenzi. Alisema valvu inayosikika haiungui. Sijasikia mlio huo tangu tutoke Bujumbura. Nimesimama na spana mkononi mpaka bosi akaniita mara mbili.

Jumanne, 5 Novemba

Nimefungua kifuniko. Gasketi inayoziba chini yake si ya dukani. Imekatwa kwa mkasi kutoka kwenye boksi gumu, pembe zake zimezungushwa vizuri. Imelowa, imelegea. Nikageuza kifuniko nikisafishe.

Ndani kumechorwa kwa msumari: I.M. 3/95.

Idi alichora hivyo kila kifuniko alichokifungua. Herufi mbili, mwezi, mwaka. I yake ina mstari juu na mstari chini. Hii pia.

Idi aliuawa kwenye machafuko ya Oktoba 1993. Jirani alimwona akianguka barabarani, akatuletea shati lake mafichoni; nyumba yetu ilikuwa imeungua. Tulisoma khitma bila maiti. Mkewe, Mwajuma, alikaa eda miezi minne na siku kumi. Ndipo tukakimbilia huku kwa Wabelgiji.

Nimesugua maandishi kwa petroli. Hayakutoka. Mara mbili nimegeuka kutazama nyuma yangu. Hakuna mtu.

Jumatano, 6 Novemba

Gasketi mpya, ya koki, gome laini. Bolti nimezikaza taratibu, kuanzia katikati. Nimewasha. Dakika kumi, kavu. Dakika ya kumi na moja, tone, pembe ya nyuma. Nimefungua, nimerudia tangu mwanzo. Tone. Palepale.

Lazima kuna sababu. Najua. Lakini wenzangu walikuwa wametoka kula, karakana kimya, na lile gari likigonga peke yake. Niliogopa kama mtoto. Nimelizima.

Mwajuma anaolewa tarehe 23. Bwana harusi ni Rashidi, Mtanzania, mtu mpole. Mimi ndiye niliyemshauri akubali. Kama Idi yu hai, Mwajuma ni mke wa mtu. Sijamwambia yeyote. Nina hasira na simjui ninayemkasirikia.

Ijumaa, 8 Novemba

Baada ya swala nimekwenda Etterbeek kwa Monsieur Albert. Alifanya kazi ya mabomba ya maji Kigoma miaka minane, Kiswahili anacho. Gari alilinunua huko, akalisafirisha Desemba iliyopita alipostaafu. Nikamuuliza nani alifungua injini Machi 1995.

"Fundi moja, Mrundi. Pale karakana ya Mzee Athumani. Wanamuita Bubu."

"Ni bubu kweli?"

"Non, non. Anaweza kusema. Hataki tu."

Ametoa picha. Gari hilihili, boneti wazi, wanaume watatu wanacheka. Wa nne ameinama, kichwa chote ndani ya injini. Unaonekana mgongo tu, na mkono wa kushoto umeshika ukingo. Niliutazama mgongo ule mpaka kahawa ikapoa. Mzee akasema alipoondoka yule fundi alikuwa mzima. Akaandika nyuma ya picha namba ya simu ya duka lililo jirani na karakana. Akanipa.

Mzima. Nimelirudia neno hilo njia nzima.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimemkuta Mwajuma soko la Flagey, amebeba vitunguu. Tumekaa kwenye benchi. Nimemwambia yote bila kupamba, nikampa picha.

Hakulia. Aliisogeza karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Shemeji, ni yeye."

"Uso hauonekani."

"Mgongo huu nimeusugua miaka tisa. Unaniuliza uso?"

Watu walikuwa wakipita na mifuko yao. Akaigeuza picha, akasoma namba.

"Bon. Unapiga lini?"

"Jumatatu."

"Nitakuja. Na Rashidi atakuja. Sitaki kumficha."

Jumatatu, 11 Novemba

Sikukuu ya Wabelgiji, karakana imefungwa. Tumekwenda duka la simu, watatu tumebanana ndani ya kibanda kimoja. Mara ya nne ikashika. Mwenye duka akaenda kumwita Mzee Athumani. Tulisikia kandambili zikija.

Nikajitambulisha. Mimi ni Yusufu, mdogo wake Idi, fundi wako Mrundi.

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Yusufu wa Buyenzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Yusufu amekufa," akasema. "Nyumba iliungua na wote waliokuwamo. Yusufu, na Mwajuma. Idi alikuja hapa peke yake, khitma yenu tuliisoma uani kwangu. Mbuzi nilimchinja mimi. Sasa wewe ni nani?"

Nilitazama mkono wangu uliotulia kwenye kioo. Nikamwambia tu wazima, na Mwajuma yuko hapa kando yangu. Ndipo mzee akaanza kulia. Nikajua kabla hajasema.

Idi alifariki Aprili mwaka huu. Homa, siku tano. Amezikwa hukohuko.

Mwajuma aliichukua simu mkononi mwangu. Aliuliza jambo moja tu: "Nani alimwosha?" Jibu sikulisikia. Akasema, "Asante, baba," akakata. Rashidi alikuwa amevua kofia.

Miaka miwili na nusu. Sisi maiti kwake, yeye maiti kwetu, na wote tunakula, tunalala, tunafungua injini za watu.

Jumanne, 12 Novemba

Nimekilaza kifuniko juu ya kioo. Ukingo wa nyuma umepinda, kiasi cha unywele. Ndiyo sababu. Boksi lake nene lilikuwa likiziba pengo, mpaka lilipochoka. Nimeugonga ukingo kwa nyundo ndogo juu ya ubao mpaka ukalala sawa. Nimekwangua mabaki yote, nimeweka gasketi nyingine, nimekaza bila nguvu. Nusu saa, kavu. Valvu sikuzigusa.

Kabla ya kufunga nilitaka kuchora herufi zangu chini ya zake. Sikuchora.

Monsieur Albert amelichukua gari. Sikumweleza mengi. Nilisikia mlio mpaka kona, halafu tramu ikapita.

Alhamisi, 14 Novemba

Shehe amesema eda huhesabiwa tangu siku ya kifo. Imekwisha zamani, harusi haina kizuizi. Mwajuma amekataa.

"Nilimkalia eda akiwa hai," amesema. "Leo amekufa kweli, nipake hina?"

Rashidi akauliza mpaka lini. Mwajuma akasema anakaa eda upya, mpaka mwishoni mwa Machi. Rashidi akasema, "Haya. Nitangoja." Nilikuwa namdharau kidogo huyu bwana kwa upole wake. Nimekosea.

Jumapili, 17 Novemba

Khitma kwa Mwajuma. Watu kumi na wawili, chumba kidogo, makoti yamerundikwa kitandani. Rashidi alileta viti, akasoma juzuu yake karibu na mlango. Baada ya chakula akavikunja, akavishusha ghorofa zote nne peke yake. Mwajuma aliosha vyombo, nikamfutia.

Nimerudi nyumbani kabla ya magharibi. Nimefungua msahafu wa marehemu mama, ukurasa wa mwisho, tunapoandika vifo. Nimepiga mstari juu ya Oktoba 1993. Nimeandika Aprili 1996, Kigoma. Nimeuacha wazi juu ya meza, wino ukauke.