Panzi Akikosa Pumzi

Jumapili, 1 Desemba 1996

Panzi, gari langu la kujiundia, amenitia aibu leo. Miaka mingi nagonga mabati nyuma ya nyumba hapa Majengo, injini ya Datsun kuukuu, viti viwili, paa hana – na mlima wa kwenda kwa Mama umemshinda! Jumapili iliyopita alipanda kama mbuzi. Leo Kwa Sadala tumepita vizuri, tumeshika njia ya Machame, nikakanyaga mafuta. Nguvu ikashuka. Nikakanyaga zaidi, akazidi kulegea. Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani akatupita, akanipa pole. Pole ya kweli, ndiyo iliyoniuma. Tukafika kwa kutambaa.

Mama kasema Krismasi hachinjwi mbuzi pale nyumbani mpaka mimi na Ndelilio tule sahani moja. Mdogo wangu kang'oa kahawa yote ya marehemu Baba, kapanda nyanya, bila hata kuniuliza. Najua kihamba, shamba la nyumbani, ni chake, kitindamimba ndiye anayebaki na nyumba. Najua bei ya kahawa imeanguka, nashinda kiwandani naikoboa. Lakini miche ile Baba aliipanda kwa mkono wake. Tangu Agosti sijamsalimu, na leo hata mlangoni kwake hakutokeza.

Jumatano, 4 Desemba

Baada ya kazi, kwa Shedrack, fundi wa gereji ya jirani. Tumesafisha plagi, tumerekebisha platini za cheche. Yeye anaapa nimeuziwa petroli yenye mafuta ya taa. Tumemwaga yote, tumetia mengine. Akiwa amesimama, Panzi anaimba vizuri kabisa. Shedrack akanicheka: eti gari limesikia ugomvi wangu na Ndelilio, halitaki kwenda kule. Sikucheka.

Jumamosi, 7 Desemba

Nimempeleka Panzi Mabogini, barabara ya mashamba ya mpunga, tambarare tupu. Nikakanyaga mpaka chini. Akalegea vilevile!

Kwa hiyo si mlima. Wiki nzima nausingizia mlima. Nikikanyaga kidogo anakwenda. Nikikanyaga sana anakabwa. Nikiachia, anapona. Ni mafuta au ni hewa. Shedrack kashikilia mafuta, kabureta tumeifungua, safi. Tumekaa tunaitazama tu. Kikulacho ki nguoni mwako, kasema, akaenda zake kula.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru, kazini hakuna. Nimepata.

Juu ya boneti nilimwekea Panzi mdomo wa kuvuta hewa, na ndani yake mfereji wa bati unaoshuka hadi kwenye kabureta. Tukiinua boneti, mfereji unainuka nayo. Ndiyo maana hatukuuchungulia. Leo nimetia mkono ndani. Jani. Injini ikipumua polepole, jani linalala chini ya mfereji. Ikivuta kwa nguvu, linavutwa, linaziba koo.

Jani la isale. Nikataka kulitupa, isale imejaa kwenye kila mpaka wa shamba kule juu. Kisha nikaona fundo. Limefungwa fundo na mkono wa mtu.

Nikakaa chini, pale pale kwenye oili.

Jumanne, 10 Desemba

Kwetu isale yenye fundo ni mtu anaomba msamaha. Hupelekwa na mtu mzima, naye husema nani kamtuma na kwa kosa gani. Ukiletewa, hukatai, hata kama kosa ni kumwaga damu. Ndelilio hakumtuma mtu. Aliona aibu, namjua. Jumapili ile ya Novemba, Panzi alipopanda vizuri, mimi nikiwa ndani nakunywa mtori wa Mama, kalichomeka mwenyewe kwenye mdomo wa boneti nilione nikitoka. Mimi huyo nikaruka kitini nikatelemka nalo. Panzi kalimeza.

Na yeye kaona nini? Kaona nimeondoka bila neno. Wiki iliyofuata kaona nimerudi, nimekula kwa Mama, nimeondoka tena. Mdogo wangu anaamini nimekataa isale! Usingizi hauji. Nimemhurumia, na bado kahawa inaniuma. Vyote viwili.

Alhamisi, 12 Desemba

Nimemjaribu Panzi. Anaruka. Shedrack anashangilia barabarani, anataka twende mpaka Arusha. Sina hamu.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika garini, mbele ya lango la Ndelilio. Mlima nimeupanda kwa gia ya tatu, sikufurahi hata kidogo. Nilipitia kwanza kwa Mama, nikamwonyesha jani. Alilishika muda mrefu. Kumbe Ndelilio hakumwambia, ila siku hizi anakula kidogo na jioni hatoki. Nikamwomba Mama tuje pamoja. Kakataa: "Jani lilikuja bila mtu. Nawe nenda bila mtu."

Njia nzima nimejiambia nikifika nitajua la kusema. Nimefika. Pale palipokuwa na kahawa ni nyanya, mstari kwa mstari, zimefungwa kwenye miti vizuri sana. Nilidhani nitazichukia. Baba angezisifu, halafu angelia.

Gladness, mke wake, kaja langoni. Kanisalimu kwa heshima, hakufungua.

"Shemeji, yupo shambani. Amesema kama umekuja kwa habari ya kahawa, hayupo."

"Na kama ni kwa habari nyingine?"

Akatazama jani mkononi mwangu. Limekauka kingo, fundo bado limekaza. Machozi yakamtoka, akaniuliza kwa nini nimekuja kulirudisha.

Kulirudisha! Hilo sikulifikiria. Mtu akiliona mkononi mwangu atawaza nini kingine? Nikalitia mfuko wa shati upesi.

"Silirudishi. Mwambie nimeliona Jumatatu, limemezwa na boneti. Kabla ya hapo sikuliona. Mwambie hivyohivyo."

Kaenda mbio kati ya nyanya. Namwona anasimama, anasema. Ndelilio ana pampu ya dawa mgongoni, hajageuka. Gladness anarudia. Sasa ananionyesha kwa mkono, anaonyesha boneti.

Ameivua pampu. Ameketi chini, palepale, kafunika uso. Sijui anacheka au analia. Lango halijafunguliwa, na mimi natoka garini nimfuate.