Ukelele kwenye Shimo la Kumi na Nane

Jumapili, 14 Julai

Binti yangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, goti tu linanikumbusha umri. Mama yako anasema ule chakula, usiishi kwa chai. Wewe je? Miguu haijavimba kwa kusimama kazini siku nne za mashindano ya gofu?

Mwanangu, tumeshinda! Wabeba fimbo wastaafu wote tulijazana kwa kinyozi, macho kwenye runinga tangu shimo la kwanza. Radi wetu na yule Mwalimu, aliyeacha chaki akaingia gofu, wakafika shimo la mwisho wakiwa sawasawa. Mwalimu akajipanga, akainua fimbo, mara mtu mmoja kwenye umati akapiga ukelele: “Majiiii!” Na mpira kweli ukaenda majini! Tulicheka hadi kinyozi akamkwangua mteja sikio. Radi akalibeba kombe la dunia nzima.

Nilikutafuta kwenye picha, nikauona mkono wako umeinua lile bango la KIMYA. Nikawaambia, huyo wangu!

Na kaka yako, mmeonana? Kafunga safari yote hiyo kumshangilia Radi, hajapiga hata simu.

Baba yako

17 Julai

Baba,

Shikamoo. Miguu imevimba, lakini mwili mzima. Mpe Mama salamu. Barua hii nimeianza mara tatu nikaichana.

Huo ukelele uliowachekesha ulitokea hatua mbili nyuma ya mgongo wangu. Ni kaka.

Asubuhi alinibembeleza nimpitishe ndani ya kamba, mahali wanaposimama wafanyakazi tu. Nikampitisha, ndugu yangu, ningefanyaje? Mwalimu akainua fimbo, mimi nimeinua bango, maelfu ya watu kimya hata unasikia nyasi. Kaka akafungua kinywa. Mate yake yalinitua shingoni, Baba. Mpaka leo nikioga nasugua hapo hapo.

Kisha ungewaona mashabiki. Watu wazima, wengine na watoto mabegani, wanaimba “Majiiii” huku Mwalimu anatembea kuelekea bwawani. Mmoja akammwagia mbeba fimbo wa Mwalimu bia kichwani. Radi aliona yote, akatabasamu, akawapungia kofia. Mwalimu alipopita mbele yangu alilitazama bango, akanitazama. “Pole na kazi, dada.” Basi. Afadhali angenitukana.

Msimamizi kaniuliza nani aliyepiga ukelele. Nimesema sikumwona. Tangu hapo nahisi nanuka.

Nyinyi mlicheka nini?

Binti yako

25 Julai

Mwanangu,

Salamu. Sisi tu wazima, tunakuombea nawe. Barua yako nimeisoma peke yangu, mama yako sijamwonyesha.

Mchezo ni mchezo, na shabiki akipandwa na mori hajui alisemalo. Kaka yako ana mdomo, tangu utoto, lakini roho mbaya hana. Unajua anafundisha gofu kwenye klabu yetu hapa. Jina lake likitajwa, wanawe watakula nini? Siri ya mtungi aijuaye kata. Umeshasema hukumwona, basi hukumwona.

Usinikasirikie. Nimeona mengi viwanjani kuliko wewe.

Baba yako

19 Agosti

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Goti linaendeleaje? Sikukujibu mapema kwa sababu nilijua nitakalofanya, na sikutaka unizuie.

Nimemtaja. Nilikwenda kwa msimamizi nikamwambia ni kaka yangu, na mimi ndiye niliyempitisha kwenye kamba. Kaka amefungiwa viwanja vyote vya chama cha gofu miaka mitano. Mimi nimefukuzwa kazi siku ile ile. Sasa nafua mashuka hotelini, na usingizi naupata.

Kaka alinipigia simu. “Nyoka wewe! Hata Baba alicheka!”

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kusema.

Binti yako

6 Oktoba

Binti yangu,

Salamu. Safari hii sikuulizi hali kwa mazoea. Nataka kweli kujua kama u mzima, na kama barua yangu utaifungua.

Klabu imemwondoa kaka yako. Lakini kwa kinyozi amepokewa kama bingwa. Jumamosi wakampandisha juu ya kiti cha kunyolea: “Tupigie tena!” Akapiga. Mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi, mate yanarukia kioo. Wakaangua kicheko, wakanigeukia mimi nicheke nao. Nikamwambia, “Shuka hapo.”

Akanijibu mbele za watu, “Lakini Baba, si wewe uliyenifundisha? Si ulikohoa?”

Wewe hukuwahi kuisikia hadithi hiyo. Nilikuwa namsimulia yeye na wanaume wenzangu. Ni miaka ishirini na sita sasa. Fainali ya klabu, mimi nambebea fimbo bosi wangu. Mpinzani wake alikuwa Fundi Saa. Alipouinamia mpira wa mwisho, hatua mbili tu kutoka shimoni, nilikohoa. Makusudi. Akakosa, bosi akachukua kombe. Kaka yako alikuwa na miaka tisa nilipomsimulia mara ya kwanza, na tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu hapo nimeirudia kila mwaka, naongeza chumvi.

Pale kwa kinyozi nilijiona kwenye kioo, nyuma yake. Nilichukia nilichokiona.

Baba yako

20 Oktoba

Baba,

Shikamoo. Nimeifungua, na mimi mzima.

Huyo Fundi Saa yu hai? Kama yu hai, mwendee. Usimpelekee zawadi. Ukirudi, ndipo uniandikie.

Binti yako

11 Novemba

Mwanangu,

Salamu. Tu wazima sote. Mama yako anajua yote sasa.

Yu hai. Duka lake liko nyuma ya posta. Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikamweleza tangu mwanzo. Mbele yake palikuwa na saa iliyofunguliwa, na hakuinua uso mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, “Mke wangu alikuwa akinitania kwamba nina mkono wa woga. Alikufa akiamini hivyo. Na mimi niliamini.” Akanionyesha mlango. “Toka, tafadhali.”

Nikatoka. Nilikuwa nimejiandaa kusamehewa, mwanangu. Ni upumbavu ulioje.

Kaka yako alinisindikiza, akabaki nje. “Kasemaje?” Nikamwambia neno kwa neno. Hakutia mzaha. Asubuhi hii amenijia na kalamu, anauliza Mwalimu anapokea barua kwa anwani gani. Nimemwambia siijui, amwulize dada yake. Akakaa mezani hadi adhuhuri, anaandika, anakata, anaandika.

Barua aliyokuandikia nimeitia kwenye bahasha hii. Sijaisoma.

Baba yako