Glavu za Sufu Mwezi wa Nane

S.L.P. 41,
Kijito cha Laurel, Kentucky.
Jumatatu, 22 Oktoba 2018.

Mpwa wangu mpendwa Marlena,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hamjambo huko Alaska, wewe na mumeo Wade na yule mtoto wenu, bibi mdogo Josie? Bado mnaliona jua, au mmeshalifungia kabatini mpaka mwezi wa tatu? Verna wangu hajambo. Yuko jikoni anapika jemu ya tufaha, nyumba nzima inanukia, nami siwezi kula hata kijiko.

Mimi mjomba wako naandika pole pole. Kalamu nimeifunga vidoleni kwa utepe, maana vidole vyangu siku hizi havijui kama vimeshika kitu au havikushika. Ukiona mwandiko unapanda mlima na kuteremka bondeni, usimlaumu mwalimu wangu wa darasa la nane. Yule alifanya alichoweza. Mimi ndiye niliyetokea dirishani nisirudi tena.

Marlena, mwezi wa tano nilikupigia simu nikakwambia kansa yangu imekwisha. Si kweli. Haikuwa kweli siku ile, na leo ndiyo kabisa. Kaa chini nikueleze, kwa sababu wewe ni mtoto wa dada yangu, nimekulea miaka sita, na sitaki uyasikie haya kwa mtu mwingine.

Ilikuwa hivi. Picha za mwezi wa tano zilionyesha kwamba uvimbe wa utumbo na yale madoa ya ini yamesimama. Daktari ni binti mdogo mwenye miwani, na alitumia neno hilo hilo: yamesimama. Kisha akanionya kwamba kusimama si kuondoka, dripu zinaendelea. Nilimsikia vizuri sana.

Jumapili yake kanisa lilijaa pomoni, maana ni ile siku watu wanarudi kutoka kote kupamba makaburi ya wazee. Mchungaji wetu, Ndugu Estill, akaita shuhuda. Nikasimama. Unanijua mimi nikisimama. Mimi ndiye niliyevua kambare ambaye mkia wake uliburuzika barabarani nyuma ya gari. Mimi ndiye niliyekatikiwa na breki mlimani, nimebeba tani ishirini za makaa, nikafungua mlango, nikashusha mguu wa kushoto, nikalisimamisha lori kwa soli ya buti, moshi ukaonekana mpaka Virginia. Basi nikafungua kinywa niseme yamesimama. Nikaziona zile nyuso zote zimeniinukia kama maua ya dirishani, na kinywa kikasema yamekwisha. Nikaongeza kwamba daktari aliangusha miwani kwa mshangao.

Watu walilia, wakaimba, wazee wakanipiga mgongo mpaka nikakohoa. Sijawahi kupendwa vile. Dada Lottie Neace, yule mpishi wa shule aliyekuwa akikuongezea kuku ulipokuwa mdogo, alinikumbatia. Yeye naye alikuwa na kansa, ya titi, amefika dripu ya nne. Akaninong'oneza, "Kaka Delbert, leo umenifungulia mlango." Nikamjibu, "Amina." Uongo ulinitoka kwa kuteleza. Ile amina niliisema kwa akili zangu.

Tangu hapo ikawa kujificha. Kila Jumatano ya pili Verna alinipeleka mjini kwenye dripu, na majirani tukawaambia naenda kwa daktari wa meno. Siku moja Ndugu Estill akaniuliza mbele za watu, "Bwana Delbert, wewe una meno mangapi? Hata mamba angekuwa ameshamaliza!" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, na hapa kifuani, chini ya shati, kile kitundu wanachopitishia dawa kinaniwasha.

Dawa yenyewe ina kisirani chake. Inafanya baridi iume kama miiba. Kwa siku tatu baada ya dripu siwezi kugusa chupa ya maziwa ya friji mikono mitupu, siwezi kunywa maji mpaka yapashwe moto. Na ndivyo nilivyokuwa nimekaa barazani, Alhamisi moja ya mwezi wa nane, jasho linanitiririka mgongoni, nimevaa glavu za sufu, alipokuja Coy, mumewe Lottie.

Coy unamjua. Miaka thelathini chini mgodini, na maneno yake ya mwaka mzima yanaenea kwenye kikombe. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia.

"Lottie ameacha dripu," akasema. "Tangu mwezi wa sita. Anasema Mungu wa Delbert ndiye Mungu wake. Lakini anakonda, kaka. Nimekuja uende ukamwombee. Mimi kuomba kwa sauti sijui."

Akanitazama mikono.

"Unasikia baridi?"

"Kidogo."

"Mwezi wa nane?"

"Coy, sikiliza..."

"Ni meno ndiyo yanakufanya hivyo?"

Mpwa wangu, nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari mdomoni, wote mzuri. Sikuutoa hata mmoja. Nilifungua vifungo vya shati kwa zile glavu, kwa shida, nikamwonyesha kitundu cha dawa. Alikitazama muda mrefu. Kisha akavaa kofia yake, akashuka ngazi, akaenda zake. Hakunitukana. Laiti angenitukana.

Jumapili iliyofuata nikasimama tena kanisani, nikasema nilichokuwa nimekifanya. Maneno yalikuwa machache kuliko ya siku niliyooa. Bibi Hester, mwenye miaka tisini na mbili, akauliza kutoka benchi la nyuma, "Na yule kambare?"

"Futi mbili, bibi."

"Na lori?"

"Lilizama lenyewe kwenye mchanga pembeni. Mimi nilikuwa nimefumba macho, namwita mama yangu."

Hakuna aliyecheka. Nadhani ingenisaidia kama wangecheka.

Lottie alirudi hospitali wiki ile ile. Lakini wiki kumi zilikuwa zimeshapita, na kansa imeingia kwenye mifupa. Nilimuuliza daktari wangu kama ni zile wiki kumi. Akasema hakuna anayeweza kujua. Basi mimi ndiye ninayebaki na swali hilo, naamka nalo na kulala nalo, na sioni kama litanitoka kabla sijafukiwa.

Sasa tunakwenda wote, Lottie na mimi, gari moja, Verna akiendesha. Viti vyetu vya dripu vinatazamana. Jumatano ya kwanza sikuweza kuinua macho. Yeye ndiye aliyeanza.

"Sijakukasirikia wewe tu, Delbert. Nimejikasirikia na mimi. Nilikuamini wewe nikadhani namwamini Mungu."

"Sijui hata niombe nini, dada."

"Wewe? Wewe unayeomba mpaka maharage yanaungua majumbani kwa watu?"

"Kweli sijui."

"Basi usimpambie. Mwambie panapouma, kisha unyamaze."

Nimejaribu. Miaka hamsini na minane nimekuwa nikimsimulia Mungu hadithi kama abiria wa lori langu. Siku ile nilisema, "Bwana, naogopa," nikanyamaza. Marlena, sitaki kukudanganya tena: hofu haikuondoka. Madoa hayakuondoka. Kutapika ndio kwanza kulikuwa kunaanza. Ila nilijua kwamba nimesikiwa, kama vile mtu anavyojua kuna mtu chumbani ingawa amempa mgongo. Hiyo ndiyo nguvu yangu yote. Ni ndogo. Inanitosha kutoka kitandani mpaka garini, na kutoka garini mpaka kwenye kiti. Nikiimaliza naiomba tena.

Jana ilikuwa ibada ya kutawadhana miguu. Unaikumbuka, wanaume upande huu, wanawake upande ule, beseni na taulo. Mimi kila mwaka nilikuwa wa kwanza kuinama, na wa kwanza kuwaeleza watu nimeosha jozi ngapi. Safari hii nilijificha benchi la mwisho na buti zangu. Nyayo zimebambuka kama ngozi ya kiazi cha kuchemsha, kucha zimekuwa nyeusi. Tena nani angeitaka miguu yangu, baada ya yote?

Nikaona beseni linakuja. Limeshikwa na Coy. Tangu siku ya glavu alikuwa hajanisemesha neno. Alipiga magoti, akapima maji kwa kiwiko kama ya kumwogeshea mtoto. Yalikuwa na mvuke. Alikuwa ameyapasha moto jikoni, maana Lottie alimwambia maji baridi yananiuma.

"Buti, Delbert."

"Si miguu hii, Coy. Ukiiona utajuta."

"Si ndiyo ile iliyosimamisha lori?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi lete."

Akaniosha. Mpwa wangu, sikuhisi kitu. Si maji, si mikono yake, si taulo. Dawa imeua nyayo zote mbili. Ilibidi nitazame ili nijue kwamba naoshwa. Nikatazama. Coy aliosha kila kidole, hakuruka hata kimoja, machozi yanamdondokea kwenye beseni, na sijui alikuwa anamlilia nani kati yetu. Alipomaliza akasema tu, "Jumatano niko zamu kazini. Mshike Lottie mkono akishuka garini." Nikasema nitamshika.

Daktari anadhani nitafika maua ya masika yakianza kuchanua. Zaidi ya hapo hakusema, nami sikumwongezea.

Nilikuambia usije Krismasi, uhifadhi nauli, mjomba wako amepona. Nayafuta maneno hayo. Njoo, Marlena. Njoo na Josie anione ningali naweza kukaa kitako. Usije kutafuta muujiza, wala usiniletee soksi, ninazo jozi kumi na moja, na hiyo ni hesabu ya kweli. Ukifika, kaa mwishoni mwa kitanda changu unishike miguu. Sitahisi. Nitatazama.

Msalimie sana Wade, na umbusu Josie pande zote mbili. Verna, Dada Lottie na Ndugu Estill wanakusalimu. Coy hakusema nikusalimie, lakini aliitikia kwa kichwa nilipokutaja, na kwake hiyo ni hotuba. Mungu akulinde kwenye barafu hiyo, akuongoze hadi nyumbani.

Ni mimi mjomba wako nikupendaye, na hilo sijalitia chumvi,

Delbert Stidham

Tena: Kambare alikuwa futi mbili na nusu. Verna ndiye aliyempima, muulize.