Tangi Ulilolipitisha

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo, mguu umepona. Mimi nimefura kwa hasira.

Kila asubuhi napima tangi la dizeli lililofukiwa uwanjani kwenye karakana yetu. Kwa wiki tatu mafuta yanapungua hata siku ambazo hatujajaza gari lolote. Nilipomwambia meneja, alicheka: "Mjomba wako mkaguzi alilipitisha. Andika namba ya jana."

Jana jirani alininusisha maji ya kisima chake. Yananuka dizeli, na bintiye anatapika.

Mlinzi wa geti anasema hukukanyaga hapa. Ulitia sahihi ukiwa umekaa kitako nyumbani kwako! Nimefunga pampu na kupeleka taarifa serikalini. Jina lako nimeliandika mwenyewe, Mjomba.

Ni mimi mpwa wako, uliyeniambia kazi ni uaminifu.