Hofu Iliyonipata Sokoni

Mjukuu wangu Kemunto,

Hapa Nyaramba tuko salama. Goti la babu yako limepata nafuu, na siku ya Sabato alifika kanisani kwa miguu.

Umeniuliza kama umnunulie mtoto wako maziwa ya kopo uliyoyaona kwenye simu, kwa sababu unaogopa hashibi.

Nami niliogopa hivyo nilipomzaa baba yako. Gari la matangazo lilikuja sokoni, na mwanamume akauliza kwa kipaza sauti, "Mama, una uhakika mtoto wako anashiba?" Kabla ya siku hiyo sikuwa na shaka yoyote. Nilirudi nyumbani nikiwa nayo. Kila mtoto alipolia, niliisikia ile sauti. Nikanunua kopo, nikamwachisha kunyonya, naye akaharisha mpaka macho yakazama.

Mama mkwe wangu alimrudisha kifuani pangu. "Nani alikuambia huna maziwa?"

Yule mtu wa kipaza sauti hakusema hivyo, aliuliza tu.

Baba yako alipona. Mpeleke mtoto kliniki apimwe uzito kwanza, umsikilize nesi. Kisha nijibu upesi, maana tangu nisome barua yako naogopa tena.

Nyanya yako,
Moraa