Nilipakwa siagi ya hotelini Ulaya, nyumbani naambiwa ni mke wa mpiga ngoma

Mpendwa Bi Mwanaupe, shikamoo. Naomba msaada wako, tena nakuomba usome mpaka mwisho, kwa sababu hapa Mugango kila ninayemweleza akifika katikati anaanza kucheka, na mimi sioni cha kuchekesha. Jina langu usilitaje.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa, na ni mwimbishaji wa kikundi chetu cha ngoma za asili, na ninaishi na mwenzangu Revocatus, fundi wa injini za boti. Mwaka jana tulicheza kwenye sherehe moja Butiama, akatuona mama mmoja mgeni, akatupiga picha nyingi akaondoka, sisi tukasahau, kumbe hakusahau yeye, ukaja mwaliko wa tamasha la ngoma za mataifa huko Romania, mji mdogo wa milimani, nauli yao, malazi yao, na Revocatus mwenyewe ndiye aliyenisindikiza mpaka stendi ya Musoma huku akimwambia kila kondakta kwamba mke wake anakwenda Ulaya.

Huko siku za mwanzo zilikwenda vizuri, tuliandamana barabarani na njuga miguuni, watu wanachungulia madirishani wanapiga makofi, baridi inatukata mabega kwa sababu vazi letu ni ngozi na shanga, lakini tulicheza mpaka jasho likatoka. Shida ilikuja pale waandaaji waliposema jioni ya mwisho kila kikundi kionyeshe jinsi kwao watu wanavyooana. Bwana harusi akachaguliwa Masatu, mpiga ngoma wetu, fundi wa kuchomelea mageti kule Manyamanyama, kwa sababu ni mrefu na hana mke, na bibi harusi akawa Mary, binti mdogo wa kikundi, sasa huyo Mary asubuhi alikunywa maziwa yao yale machachu, tumbo likamkamata, hatoki chooni, wenzangu wakaniambia ingia wewe, nyimbo unazijua, na mimi nikaingia.

Sasa Bi Mwanaupe, kwetu sisi bibi harusi na bwana wanakalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe, halafu mzee wa ukoo wa bwana anampaka bibi harusi samli kwenye paji la uso huku akiwataja mababu wa ukoo ule mmoja mmoja, na akimaliza anamwambia wewe sasa ni wetu. Basi, hapo umeolewa, yanayobaki ni kula na kucheza. Kiongozi wetu ni Mzee Manyonyi, na Mzee Manyonyi ni baba mdogo wa Masatu, mzee halali kabisa wa ukoo wao. Samli yetu walitunyang'anya uwanja wa ndege, kwa hiyo alizunguka meza za hotelini wakati wa chai akakusanya vile visiagi vya kwenye karatasi za kung'aa, akajaza mfuko wa koti. Tukamwambia babu, ukifika kwenye majina taja yoyote tu, hata ya samaki, akakataa. Akasema, "Maneno haya hayanaga ya kuigiza. Ukiyasema, umeyasema." Sisi tukamwambia sema basi yote babu, wazungu hawaelewi, maana tulikuwa tunaitwa jukwaani na kikundi cha mbele yetu kilishaanza kutoka.

Akayasema yote. Alikuwa anafungua kisiagi kimoja, ananipaka, anataja babu, anafungua kingine, ananipaka, anataja babu, mpaka mafuta yakanitiririka puani, na alipofika pale pa wewe sasa ni wetu sauti yake ikatetemeka, na mimi sijui nilipatwa na nini, nikalia. Watu walisimama wote wakapiga makofi, na Mary, ambaye tumbo lilishatulia, alikuwa amesimama mbele na simu, akarusha video kwenye kundi la kijiji hata njuga sijazivua.

Niliporudi, Revocatus hakuja stendi kunipokea. Nilikuta mama yake, Mama Petronila, ameshaita wazee wa kwao, na wazee wamebishana siku nzima kama siagi ya hotelini inahesabika, mmoja anasema ya kiwandani siyo samli, mwingine anasema ng'ombe ni ng'ombe hata akiwa wa Ulaya, mwishowe wakakubaliana kwamba mpakaji alikuwa mzee halali, mababu waliotajwa ni wa kweli, kwa hiyo mimi ni mke wa Masatu mpaka litafutwe la kufanya. Mama Petronila amenikataza nisiguse sufuria, anasema mke wa watu hawezi kupika kwenye nyumba ya mwanae. Watoto wanakula kwake, Revocatus analala kwake, na mimi nimebaki kwenye nyumba peke yangu nakaanga samaki furu wawili wa kula mwenyewe kama mjane. Juzi nilikwenda Bunda kupeleka dagaa, mwanamke nisiyemjua akaniita bibi harusi.

Nilimpigia Masatu nikamwomba aje aseme mbele ya wazee kwamba lilikuwa igizo, akacheka, akasema yeye aliambiwa akae kwenye ngozi akakaa, na kwa upande wake hana malalamiko, halafu jioni akanitumia ujumbe kuniuliza kama nimekula. Nikamwendea Mzee Manyonyi ayafute maneno yake, naye akanijibu, "Samli haifutwagi. Inapakwa nyingine juu yake." Sasa hilo ni jibu la kunisaidia nini? Hata baba yangu kule Suguti ameiona hiyo video, nilipompigia aliniambia tu nimependeza, akakata simu.

Kinachoniumiza zaidi ni Revocatus. Alikuja kuchukua spana zake, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Yale machozi yalikuwaga ya nini?" Nikamwambia ni moshi. Akatoa simu akaiangalia video tena mbele yangu, na kwenye lile jukwaa hapakuwa na moto wowote.

Jumapili baada ya misa kuna kikao cha familia, na nimeshaambiwa nichague, kikundi au nyumba. Mwaliko wa mwakani umeshafika na bila mimi hawana wa kuwaimbisha. Ni kweli mimi na Revocatus mambo yetu ya kimila bado hatujayakamilisha, wala ya kanisani, tangu mtoto wa kwanza kila mwaka kunatokea sababu, mara msiba, mara mavuno mabaya, mara mama yake anaumwa, ndiyo maana hata kukomunika sikomuniki, nabaki benchi la nyuma wenzangu wakienda kupokea, lakini hilo ni jambo lingine. Ninachoomba uniambie ni jinsi gani nitawafanya watu wazima waelewe kwamba lilikuwa igizo.

Mwimbishaji, Mugango

BI MWANAUPE ANAJIBU

Mwimbishaji, marahaba. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na nisikufiche, kwenye visiagi nilicheka. Nilipomaliza kucheka nikakasirika, na hasira yenyewe ni nyingi, itawatosha wote. Umeniomba nisitaje jina lako, halafu umemtaja mwenzako, mama yake, mpiga ngoma, mzee na tumbo la Mary. Mugango watakutambua kabla gazeti hili halijafungiwa maandazi.

Nianze na wewe. Ulionywa. Mzee alikwambia kwa Kiswahili chepesi kwamba maneno yale hayaigizwi, na jibu lenu likawa wazungu hawaelewi. Ni kweli hawakuelewa. Mugango je? Nyinyi mnabeba mila ya watu mkaionyeshe mbele ya simu, halafu mnashangaa wenye mila wakiitazama. Mchezea wembe humkata, na nyinyi mlikuwa mnauchezea jukwaani, mkapigiwa na makofi.

Huyo Mzee Manyonyi naye asijifanye mshika mila. Kama alijua ukisema umesema, mdomo aliufungua wa nini? Angekataa kupanda. Angecheza ngoma ya mavuno wakampigia makofi yale yale. Lakini alipenda jukwaa, babu wa watu, akajaza siagi mfukoni na kupanda. Mwambie nimesema hivyo, na akikasirika anajua nilipo, nauza vitenge hapa Musoma na sihami.

Masatu nimemwelewa haraka sana. Mwanamume anayekuuliza kama umekula, huku anajua kwa nini huna wa kula naye, huyo hakuonei huruma, ametega nyavu. Hukuniandikia ulimjibu nini. Kama hujamjibu, usimjibu. Kama ulimjibu, ilikuwa mara ya mwisho, na kwenye ngoma apige ngoma.

Mama Petronila ananichosha kuliko wote. Miaka yote hii umepika kwenye nyumba ya mwanae bila kupakwa samli na mtu yeyote wa ukoo wake, wajukuu watatu umemzalia, uji umempikia alipoumwa, na siku hizo mila haikumjia. Leo mwingine amekupaka, ndiyo anakumbuka kwamba mke halali hupakwa na kutajiwa mababu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Sasa tufike kwenye lile ulilolificha chini kabisa ya barua, nyuma ya msiba na mavuno mabaya, ukaliita jambo lingine. Mwanangu, hakuna jambo lingine. Hilo ndilo jambo lenyewe, hayo mengine ni siagi tu. Wewe hujaolewa. Unaitwa mke stendi, mbele ya makondakta, kwa kuwa stendi hakuna anayeuliza umepakwa lini. Wazee wameweza kukutangaza mke wa Masatu kwa sababu moja tu, walipotafuta ni nani alikupaka kabla yake, hawakumpata. Ungekuwa umeshapakwa kwa kina Revocatus, ile video ingekuwa kichekesho cha wiki moja na Mary angekuwa ameshatafuta nyingine.

Revocatus naye analijua hilo, ndiyo maana analala kwa mama yake. Mwanamume aliyetulia kwenye haki yake angecheka. Huyu ameona kijiji kizima kikitazama mtu mwingine akifanya, kwa dakika chache na kwa siagi ya bure, kile ambacho yeye amekiahirisha tangu mtoto wa kwanza. Hiyo ni aibu, na aibu ya mwanamume ikikosa pa kwenda inageuka kuwa kikao cha familia.

Na yale machozi. Kwa nini ulimdanganya? Alikuuliza swali moja la kweli, pengine la kwanza kwa miaka mingi, ukampa moshi. Mimi sikuwepo Romania, lakini mabibi harusi wanaokuja kupima vitenge dukani kwangu ni wengi, najua wanachokililia. Ulikaa kwenye ngozi, ukasikia mzee anakwambia wewe sasa ni wetu, na hujawahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote wa nyumba unayoifagia kila asubuhi. Hukumlilia Masatu. Ulilia kwa sababu aliyekuwa amekaa pembeni yako hakuwa Revocatus.

Kwa hiyo, Jumapili nenda kwenye kikao. Oga, vaa vizuri, na kabla hujatoka nyumbani mwite Mzee Manyonyi mwende naye. Wakikuuliza kikundi au nyumba, usijibu, kwa sababu si swali lao la kuuliza. Mwache mzee arudie mbele yao kile alichokwambia wewe ukakiona hakina msaada, kwamba samli haifutwi, inapakwa nyingine juu yake. Ndilo jibu ulilokuwa unalitafuta, ulilibeba nyumbani ukalitupa.

Mzee akimaliza, mgeukie Revocatus, si mama yake, umwambie hivi: "Nililia kwa sababu nilitaka uwe wewe. Suguti tunakwenda lini?" Halafu nyamaza. Usimsaidie kujibu. Akisema karibuni, mwambie karibuni ndiyo hiyo uliyokaa nayo mpaka ukazaa watatu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ataje siku, na wazee wake wale wale waliopata muda wa kubishana siku nzima juu ya siagi wapate muda wa kwenda kwa baba yako. Yule baba aliyekwambia umependeza akakata simu, unadhani alikata kwa nini? Anasubiri mtu abishe hodi.

Akishindwa kutaja siku, chukua watoto wako uende Suguti ukakae kwa baba yako, bila matusi, bila kumwaga machozi njiani, na Revocatus asikuulize tena juu ya mwanamume yeyote. Hawezi kukataa kukuoa na kukukataza usiolewe.

Kikundi usikiache. Mwakani nenda, uimbishe, ila waandaaji wakitaka tena harusi wapeni mavuno, na Mzee Manyonyi akae kwa watazamaji mikono ikionekana. Mary naye aache maziwa machachu na simu.

Na siku hiyo itakapofika, umekaa kwenye ngozi huko Mugango, samli ya ng'ombe wa kwenu inakutiririka, mababu wa Revocatus wanatajwa mmoja mmoja, utalia tena, nakuhakikishia. Akikuuliza unalilia nini, usiseme moshi.

Bi Mwanaupe