Jina Lako Kwenye Mashine ya Gemu

Paker,

Naanza na jina hili kwa sababu ndilo pekee nililobaki na ruhusa nalo. Mama yako aliponipa yule kondoo mweusi kwa niaba yako, safari yangu ya kwanza kwenu Enguserosambu, ulinieleza kwamba waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina yao. Wanaitana Paker, huyu kwa yule. Nilidhani ni mzaha wa likizo. Leo bila hilo nisingejua niianzeje barua.

Ni mwezi wa tano sasa tangu ile homa yako ya siku nne.

Kwetu hapa Karatu jina lako lilisomwa kanisani Jumapili tatu, kati ya marehemu wa kuombewa. Mama ndiye aliyepeleka karatasi kwa katekista. Nililia, lakini nilitaka kulisikia likisemwa mbele ya watu. Kwenu nikakuta kinyume. Siku chache baada ya mazishi, nikiosha vyombo na mdogo wako Nashipai, nilikutaja, kawaida tu, kwamba chai bila tangawizi uliiita maji ya moto. Bibi yako akanyanyuka akatoka nje. Nashipai akaninong'oneza, "Dada, aliyeondoka haitwi. Ukimwita unamsumbua."

Miaka saba ya urafiki, na hukuwahi kuniambia. Ungeniambia kwa sababu gani? Hakuna aliyekuwa amekufa.

Kisha Yeyo, mama yako, akaomba mashine.

Ile ile, Paker. Ile ya gemu tuliyopewa na kaka Eliud kwenye kibanda chake cha gemu, ilipoacha kusoma CD. Yeye alitaka kuitupa. Ulisema, "Mdomo ndio umekufa, akili bado inayo." Hatukuwa na kompyuta, si mimi wala wewe, basi tukaiwekea mfumo wa kompyuta, Linux, kwenye diski ya nje, tukachomeka kibodi iliyokosa herufi mbili, na hapo ndipo tulipojifunzia kuandika programu, nyuma ya kibanda, katikati ya kelele za vijana wanaocheza mpira wa kwenye televisheni. Umeme ukikatika tunaanza upya kuingia kwa mlango wa uani, upenyo uliosahauliwa na waliotengeneza mashine, kama wezi wanaoijua nyumba. Kila ilipoomba apdeti uliizuia, maana ingeufunga huo mlango. Unamkumbuka yule kijana aliyechungulia akauliza, "Sista, hiyo ni gemu au mtihani wa kidato cha nne?" Ukamjibu bila kugeuka, "Mtihani. Na wewe umeshafeli."

Yeyo aliitaka kwa ajili ya mchezo wako wa ng'ombe, ule ulioutengeneza humo. Asubuhi kundi la baba yako linatoka bomani, jioni linarudi, mmoja hayupo, na mchezaji anamchagua aliyepotea. Mimi nilitaka kuweka idadi juu ya skrini. Ulikataa. "Ng'ombe hawahesabiwi. Unawatazama tu, unajua nani hayupo." Tulinuniana siku mbili kwa jambo hilo, na kundi likabaki bila idadi. Ulimchora kila ng'ombe na madoa yake, mmoja mmoja, na Nashipai alikuwa amewajua wote kabla hajajua kuandika vizuri.

"Ije," alisema Yeyo kwenye simu, "lakini isimtaje."

Alijua. Kila ilipowaka iliandika Karibu, halafu jina lako, kwa herufi za kijani nene kama vidole. Uliipanga wewe mwenyewe hivyo. Na mimi tangu ufe nilikuwa naiwasha kila siku nikitoka kazini, nasoma mstari huo mmoja, naizima. Sikumwambia mtu. Nilikuwa na mahali pamoja tu ambapo bado ulikuwa unakaribishwa, na sasa nikatakiwa nipafute kwa mkono wangu.

Nilikaa na ombi hilo wiki tatu. Yeyo hakupiga tena kuuliza, na ukimya wake ndio ulionishinda.

Jumamosi moja mchana nikaketi nyuma ya kibanda. Mfumo haukubali kumbadili mtu jina akiwa bado ndani. Lazima atoke kwanza. Nikakutoa. Nikaingia kama msimamizi, na pale palipokuwa na jina lako nikaandika paker. Nikalitazama. Nikalifuta. Hilo lingekuwa la kunifariji mimi, na si mimi nitakayeiwasha. Nikaandika nashipai.

Mchezo ukagoma. Ni lile kosa nililokuwa nikikugombeza kwa ajili yake: ndani ya faili la kila ng'ombe ulikuwa umeandika njia nzima ya folda, na jina lako likiwa humo. Nilikuambia, "Siku ukihama itagoma." Ulicheka. "Nihame niende wapi?"

Kuna amri moja ya kubadilisha yote kwa mara moja. Ninaijua, ulinifundisha wewe. Sikuiandika. Nilifungua faili baada ya faili, ng'ombe baada ya ng'ombe, nikakufuta herufi kwa herufi. Ilichukua mchana wote. Eliud alikuja, akasoma skrini, akaenda kupunguza sauti za televisheni zote. Vijana wakalalamika. "Chezeni hivyo hivyo," aliwaambia, "dada ana kazi."

Nikasafiri nayo mapajani, imefungwa kwa kanga, kupita Ngorongoro hadi Loliondo, na kutoka hapo nikapata gari la kwenu. Kaka yako alishafunga sola na televisheni kwenye nyumba ya bati. Ikawaka. Karibu, nashipai. Yeyo alikuwa anautazama uso wangu, si skrini. Nashipai akacheza, na jioni ya kundi ilipofika Yeyo mwenyewe, asiyejua kusoma hata herufi moja, akanyoosha kidole na kumtaja ng'ombe aliyepotea kabla ya mtoto. Bibi akacheka. Nikapumua.

Halafu mchezo ukaisha, na jina lako likajaa skrini.

Ile picha ya mwisho, Paker. Ile inayosema mchezo umetengenezwa na nani. Nilitafuta jina kwenye maandishi yote, na lile ulikuwa umelichora, kwa shanga, shanga moja moja. Mashine haikuliona kuwa ni jina. Nami nilisahau.

Bibi akauliza, "Hapo pameandikwa nini?"

Nashipai aliitazama picha muda mrefu. Anasoma darasa la nne, anasoma vizuri sana. Akasema, "Pameandikwa mchezo umeisha, Koko."

Baadaye, tukiwa wawili nje, nikamwambia nitaiondoa kabla sijaondoka. Akakataa. "Iache, dada. Mimi nitaisoma kwa macho."

Nimeiacha. Kama nimekosea, kosa ni langu, si lake.

Mashine haipo tena Karatu. Nikitoka kazini sina cha kuwasha. Lakini kuna ndama wa mwaka huu ambaye humjui, mweupe mwenye masikio mekundu, na Nashipai ameshaniuliza nitamweka vipi kwenye mchezo. Nimemwahidi, na sasa nakuahidi wewe: likizo ya Juni nitarudi, na nitamfundisha Nashipai amchore ndama huyo yeye mwenyewe.

Pumzika, Paker. Sitakuita tena kwa sauti.